Sauti Iliyosema Pita

Tulimwacha Félicité juu ya magunia ya maharagwe, godoro lake limefungwa kwa kamba, kamiyo ya mizigo ikimshusha kutoka Mahagi kwenda Bunia. Aliyekosa kusoma wiki iliyopita asihuzunike. Shida za huyu mama si ndefu kuzieleza, ni nzito tu kuzibeba.

Félicité alikuwa msemaji wa foni, ile redio ya kusemea ambayo makampuni yanatumia kupashana habari za njia na mizigo. Kwa miaka sita kampuni iliiweka foni yake Mahagi, nyumbani kwake mwenyewe, juu ya meza ya sebule, betri ya gari ikiwa chini ya meza. Kazi yake yote aliifanyia hapo, miguu chini, kitenge kiunoni, akisema na Bunia huku sufuria ya majani ya sombe inachemka nyuma yake. Biro, ile ofisi ya Bunia, aliiacha akiwa msichana.

Mume wake, Léon, alikuwa shofere wa kampuni ile ile. Mwaka jana, siku ya mvua, sauti ya Bunia ilisema kwenye foni kwamba daraja la mbao la karibu na Nizi ni zima: pita, bila mashaka yoyote. Félicité akamwambia mume wake kwa mdomo wake: pita. Léon akapita. Daraja likavunjika, kamiyo ikaingia mtoni, na Léon hakutoka hai.

Bunia wakakana. Walisema hakuna mtu aliyetoa neno lile. Félicité akasema ni Antoine, msemaji wa Bunia, ila siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua. Antoine akaapa si yeye. Basi wakubwa wakakata shauri kwamba mama wa Mahagi alisikia vibaya.

Mama mkwe wake, Pétronille, naye akakata shauri lake: huyu mwanamke ameniulia mtoto. Akamchukua Valérie, binti pekee wa Félicité, akaenda kumlea kwake. Katika ukoo mzima wa mume, alibaki Edouard tu, mdogo wake Léon, naye shofere, ambaye bado alikuwa akimsalimia.

Kisha wakaja kung'oa foni pale sebuleni. Posti ya Mahagi imefungwa, walisema. Rudi biro Bunia, ao kaa bila kazi.

Na sasa ilikuwa asubuhi ya kurudi.

Dada yake mkubwa, Noëlla, aliyempokea nyumbani kwake Saio, mtaa wa Bunia, alimwekea chai na mkate.

"Kula."

"Haipiti, yaya."

"Unaogopa nini? Ile ni biro, haiko gereza."

"Kule kwangu, mutu akisema vibaya nilikuwa nazima foni. Biro haizimwi."

Noëlla alikaa kitako mbele yake. "Unaogopa Antoine."

"Nilisema ni yeye. Walitaka kumufukuza juu yangu."

"Basi utamuomba musamaha."

"Na kama ni yeye kweli?"

Noëlla alikoroga chai yake, ingawa hakuwa ametia sukari. "Kama ni yeye, utakaa na yeye meza moja na utamusalimia kila asubuhi. Watu wengi wanaishi vile, mudogo wangu. Kunywa chai."

Félicité akanywa nusu kikombe, akaenda nje nyuma ya nyumba kuitapika. Alirudi akanawa uso. Viatu vya ngozi, alivyoazimwa na Noëlla, vilimbana vidole tangu mlangoni.

Njiani alijipa moyo kwa kitu kimoja. Edouard alikuwa anakuja Bunia siku ile na kamiyo ya kahawa. Edouard ndiye aliyemtumia neno tangu Mahagi: nakuletea kitu, shemeji, jioni utafurahi.

Biro ilimpokea kwa kelele. Masini ya kuandika, viti kuburuzwa, wachuuzi wa kahawa kubishana kwenye baraza, milango. Miaka sita alikuwa amezoea sauti moja kwa wakati mmoja, nayo haina uso. Sasa nyuso zilikuwa nyingi na kila moja ilimgeukia, kisha ikageuka upande mwingine. Alitambua kwamba wote wanamjua. Yule aliyemwambia mume wake apite.

Dactylo, mpiga taipu wa biro, binti mmoja aitwaye Angélique, ndiye aliyesimama.

"Mama Valérie, pole na safari. Kuya, nikuonyeshe."

Akamwongoza kwenye chumba cha foni. Karibu na mlango alipunguza sauti. "Mama, nakuomba kitu moja. Usiseme na mutu hapa juu ya ile kamiyo."

"Juu ya nini?"

"Usiseme tu."

Ndani alikuwepo Antoine. Félicité, aliyeondoka Bunia kabla Antoine hajaajiriwa, alikuwa na picha yake kichwani, picha aliyoichonga kwa miaka kutoka kwenye sauti: mtu mrefu, mzito, kifua kama ngoma ya kanisa. Aliyekuwa kwenye kiti alikuwa mtu mdogo, mwenye sweta iliyoshonwa viwiko. Sauti ilipotoka mle ilikuwa ile ile, na Félicité akaogopa kama ameona jiwe linasema.

"Mama. Kile kiti ni chako. Hiki ni changu. Tutasema na masini. Siye kwa siye, hatuna la kusema."

Mkono aliounyoosha Félicité ulibaki hewani, kisha ukarudi.

Alikaa. Alishika kofia ya masikio, ile ya kusikilizia foni, na kuivaa ili awe na mahali pa kujificha. Alisikiliza sauti ya Antoine ikiita Djugu, ikiita Mambasa, ikipokea habari za matope na za magurudumu. Alisikiliza vizuri, kama mwalimu anavyosikiliza mtoto anayesoma. Na kadiri alivyosikiliza, ndivyo alivyozidi kuwa na hakika. Sauti ya siku ile haikuwa hii. Hata ingekuwa na mafua ya mwezi mzima, haikuwa hii.

Alikuwa amemsingizia mtu mbele ya wakubwa.

Kabla hajajua afanye nini na jambo hilo, mlango ulifunguliwa na Chefu Donatien akaingia.

Kwenye makaratasi ya serikali alikuwa na jina lingine, la mababu, lakini ndani ya biro wote walisema Chefu Donatien. Yeye ndiye aliyeamuru kamiyo zote za kampuni, ipi iende, ipi isimame. Aliingia kampuni baada ya Félicité kwenda Mahagi, na wakubwa hawasemi kwenye foni, kwa hiyo hawakuwahi kukutana kwa uso wala kwa sauti. Alivaa suti ya abakosti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, na alinukia sabuni.

"Ah, mama wetu wa Mahagi." Alimshika mkono kwa mikono miwili. "Karibu. Tulipata huzuni wote juu ya muzee Léon. Hapa ni kwenu. Hauna kuogopa mutu. Ukiwa na shida, njoo kwangu. Pita," akasema, akasita kidogo, hewa ikimtoka puani, "bila mashaka yoyote."

Mwili wa Félicité ulimjua kabla ya akili.

Pita. Kisha kimya kile kidogo. Kisha pua ile, ambayo ilimdanganya akadhani ni mafua. Bila mashaka yoyote. Mwaka mzima alikuwa ameyarudia maneno hayo kitandani mpaka yakawa kama sala iliyooza. Sasa aliyeyasema alikuwa amemshika mikono, naye alihisi vidole vyake vikifa ndani ya vile vidole vya joto.

"Unaniangalia hivi juu ya nini, mama?"

"Hapana, chefu."

"Unaniangalia."

"Umenikumbusha mutu."

Alijutia neno hilo lilipokuwa bado mdomoni. Donatien hakumwachia mikono.

"Mutu gani?"

"Mutu wa Mahagi. Alishakufa."

Donatien alimwangalia muda. Kisha akaachia, akatabasamu kwa meno tu, akatoka. Hakufunga mlango. Kutoka pale alipokaa, Félicité aliona kivuli chake kimesimama kwenye sakafu ya ukumbi, hakiondoki.

Alingoja mpaka kivuli kikaondoka.

"Antoine," alisema polepole. "Siku ile ulikuwa wapi?"

Antoine hakugeuka. "Nililisema hili mbele ya wakubwa. Nikalisema mbele ya padri. Sikuwa hapa."

"Nasadiki. Nilikosa juu yako, na nitalisema mbele ya watu. Nauliza tu, ulikuwa wapi?"

Mkono wa Antoine ulisimama juu ya foni. 

"Posta. Chefu alinituma."

"Na hapa alibaki nani?"

"Hawakuuliza."

"Nani hakuuliza?"

"Aliyetuuliza maulizo yote alikuwa chefu mwenyewe, mama." Antoine sasa alimwangalia kwa mara ya kwanza, na Félicité akaona kwamba kile alichodhani ni hasira kilikuwa woga, woga wa siku nyingi, uliokauka usoni kama tope. "Niko na watoto. Na weye uko na wako. Tufanye kazi."

Mvua ilianza saa sita, ile mvua ya Bunia inayokuja bila kubisha hodi. Bati la biro likawa linapiga kelele kiasi kwamba iliwabidi kubana kofia masikioni kwa viganja.

Ndipo Djugu ikaita. Alikuwa Louis, karani wa posti ile, akimaliza kama kawaida ya foni kwa à vous, yaani zamu yenu.

"Bunia, Bunia, Djugu anaita. Kamiyo ya Edouard iko hapa na kahawa. Huku mvua ni mingi. Anauliza habari ya daraja ya Nizi. À vous."

Antoine alikuwa anafungua mdomo kujibu. Chefu Donatien alikuwa tayari mlangoni.

"Antoine, enda posta. Angalia kama kuna telegramu ya Kisangani."

"Mvua, chefu."

"Mvua haikuli mutu."

Antoine alisimama. Alimwangalia Félicité, akaangalia foni, akaangalia sakafu. Kisha alichukua koti lake la mvua kwenye msumari na kutoka. Félicité aliona mgongo wake ukiishia barazani, na akajua hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile, mtu yule yule akitumwa mahali pale pale, ila siku ile mwisho wa waya alikuwa yeye, sebuleni kwake, anachambua mboga.

Donatien alikaa kwenye kiti cha Antoine.

"Kazi ni yako sasa, mama. Weye ndiyo fundi. Mwambie Djugu kamiyo ipite. Ndege ya kahawa inaondoka kesho asubuhi, patron iko ananingoja na hasira."

"Nani aliona daraja leo, chefu?"

"Walilitengeneza."

"Na hii mvua?"

"Mie siko fundi wa mvua. Sema."

Félicité alifanya kitu ambacho hakukipanga. Alichukua kipaza sauti cha foni na kumnyooshea.

"Sema weye mwenyewe, chefu. Iko na uzito zaidi, neno la mukubwa."

Donatien alikitazama kana kwamba ni nyoka.

"Mie sisemi mu foni."

"Ulisema mara moja."

Chumba cha pili, masini ya Angélique ilinyamaza. Ilibaki mvua tu. Félicité alitamani ayarudishe maneno, ayameze, arudi Mahagi kwa miguu. 

Donatien alisimama, akafunga mlango, akarudi kukaa. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Sikiliza, mama. Mutu akisikia vibaya mara moja, watu wanamusamehe. Ni mujane, ni huzuni, masikio yalichoka. Akisikia vibaya mara ya pili, wanamupeleka kule masikio yanafunguliwa kwa fimbo. Niko na rafiki kule. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi chukua foni. Sema pita."

Akachukua. Kama angesema, Edouard angeingia mtoni, na kesho wakubwa wangesema tena kwamba ni yeye aliyesema. Alilijua hilo wazi kabisa, jinsi mtu anavyojua njaa. Alibonyeza.

"Djugu, Djugu, ni Bunia. Nipatie Edouard mwenyewe."

Zilipita sekunde za kelele. Kisha sauti changa, yenye furaha.

"Shemeji, ni weye? Nilijua leo utakuwa Bunia. Nilikuambia nakuletea kitu. Niko na mama hapa, na Valérie. Mama amekubali, anataka kusema na weye uso kwa uso. Mutoto iko mbele, kwenye kiti yangu. À vous."

 Kidole cha Donatien kilikuwa kinagonga meza, polepole. Sema.

Kwenye foni za kampuni ilikuwa sheria: Kiswahili ao Kifaransa, basi. Félicité alibonyeza tena, akavuta pumzi, akasema kwa Kialur, lugha ya kwao Mahagi, ambayo Donatien hakuijua.

"Edouard, usipite. Lala Djugu. Hakuna mtu aliyeliona daraja. Aliyemtuma ndugu yako kwenye kifo yuko amekaa karibu yangu, na anataka nikutume na wewe. Shika mtoto wangu, usipite."

Kidole cha Donatien kilikoma kugonga.

Kule Djugu kukawa na mvutano, kama watu wanaonyang'anyana kitu. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mzee, kwa Kialur pia, na Félicité aliijua ilipovuta tu pumzi.

"Ni ile sauti," alisema Pétronille. "Mwaka jana ulimwambia mtoto wangu pita, akafa. Leo unamwambia huyu asipite. Mimi nimepanda kamiyo nije nikusamehe, na wewe hutaki hata nifike. Unaogopa nitakuuliza nini?"

"Mama, nakuomba."

"Nilisikia neno lako mara moja na nikazika. Leo nitafanya kinyume. Edouard, washa."

Félicité alikuwa anapiga kelele kwenye kipaza sauti kilichokwisha kufa. Donatien alikuwa ameng'oa waya kwenye betri. Alisimama nao mkononi, akihema.

"Umesema nini?"

"Nimesalimia wakwe wangu."

Donatien alimpiga kofi. Halikuwa kubwa, lakini kofia ya masikio iliruka mpaka ukutani. Alikuwa anainua mkono tena wakati dirisha lilipogongwa kwa nje, na uso uliolowa maji ukaonekana nyuma ya kioo.

Alikuwa Antoine. Akazunguka, akaingia mlangoni, maji yanamtiririka.

"Nilikutuma posta," Donatien alisema.

"Ndiyo, chefu. Leo sikuenda."

"Umefukuzwa."

"Ndiyo, chefu."

Antoine alimpita.  Alichukua waya mkononi mwa mkubwa wake, taratibu, kama anavyochukua mtu kisu mkononi mwa mlevi, akapiga magoti na kuanza kuufunga kwenye betri.

Donatien alielekea mlangoni, na hapo akamkuta Angélique amesimama, mikono imeshikana kifuani.

"Toka njiani."

"Nimesikia, chefu," alisema Angélique, karibu kwa kunong'ona. "Na ile mara ya kwanza, nilisikia pia. Nilinyamaza mwaka muzima."

 Donatien alimsukuma kwa bega, akapita kwenye ukumbi uliojaa watu, wote wanaangalia meza zao. Wakasikia gari lake linawaka, linatoka uani kwa kasi. Kwa askari rafiki zake wa kule kwenye fimbo, Félicité aliwaza. Amekwenda kuwaleta.

Foni ilirudi na kelele zake.

"Djugu, Djugu," Antoine aliita. "Kamiyo ya Edouard iko wapi?"

"Imeondoka," Louis alijibu.

"Imeondoka upande gani?"

"Siko najua. Mvua inafunga macho. Nimesikia injini tu. Mama muzee alikuwa anapiga kelele ndani. À vous."

Félicité hakungoja zaidi. Uani kulikuwa na kamionette, pikapu ndogo ya kampuni, na Muzee Vital, shofere mkongwe kuliko wote, alikuwa amekaa ndani akijikinga mvua. Vital ndiye aliyemfundisha Léon kuendesha.

"Muzee, unipeleke Nizi. Kwenye daraja."

"Nani ametoa ruhusa?"

"Hakuna mutu."

Vital alimwangalia shavu, ambalo lilikuwa limeanza kuvimba. "Panda," akasema.

Antoine naye alipanda. Hakuna aliyemwita.

Njia ilikuwa supu nyekundu. Kamionette iliteleza, ikanyooka, ikateleza tena. Kwenye kilima kimoja ilikataa kabisa, na Félicité na Antoine wakashuka kusukuma, tope mpaka magotini, bega kwa bega, bila neno. Waliporudi ndani Antoine alisema, akiangalia mbele:

"Nilijua, mama. Moyoni nilijua. Kila nilipokaa pale kwenye kiti nilijua."

"Nami sikuwa na hakika ni weye," Félicité alisema. "Nilitaka tu awe mutu."

Muzee Vital aliwasikia wote wawili. Alizidisha mwendo, na Félicité akaanza kusali, lakini sala ilimwishia njiani kila mara kwenye jina la Valérie.

Walifika darajani kukiwa bado mchana, lakini mchana wa rangi ya majivu. Mto ulikuwa umevimba mpaka kwenye mbao. Pande mbili za daraja zilionekana. Katikati hapakuonekana kitu, maji tu, kahawia, yanapita juu kwa nguvu, na kama mbao zilikuwepo chini yake ao hazipo, Mungu peke yake ndiye aliyejua.

Kule ng'ambo, kwenye mteremko, taa za kamiyo zilikuwa zinashuka.

Félicité alikimbia mpaka ukingoni. Alipiga kelele. Sauti yake, iliyozoea kuruka vilima kutoka Mahagi mpaka Bunia, haikuweza kuvuka mto mmoja. Aliisikia ikianguka majini mbele yake. Alivua kitenge cha juu, akakipunga. Antoine alikuwa karibu naye, anapunga koti. Muzee Vital aliwasha taa, akazima, akawasha.

Kamiyo iliendelea kushuka.

Ikapunguza mwendo.

Ikasimama, magurudumu ya mbele karibu kabisa na ubao wa kwanza.

Félicité alikaa chini kwenye tope.  Aliona mlango wa shofere unafunguliwa na Edouard anaruka chini na mtoto mkononi, Valérie wake, na gauni la njano ambalo hakulijua. Edouard alimwona. Aliinua mkono juu, wazi, kumwambia: nilisikia, shemeji, nilikuja polepole, nimesimama. Antoine alikuwa analia kwa sauti, bila haya.

Kisha mlango wa pili ukafunguliwa.

Pétronille alishuka kwa kinyumenyume kama washukavyo wazee. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni. Aliangalia mto uliomla mtoto wake wa kwanza, ambao alikuwa hajawahi kuukaribia tangu siku ya maziko. Aliangalia daraja. Aliangalia ng'ambo, mwanamke aliyekaa kwenye tope.

Edouard alimwambia kitu. Mama hakugeuka. Edouard alinyoosha mkono kumshika, lakini mkono mwingine ulikuwa na mtoto, na mama alikuwa ameshapita.

Aliweka mguu kwenye ubao wa kwanza. Alikuwa anasema, mdomo wake ulikuwa unaenda, anamwambia Félicité maneno ambayo mto uliyachukua yote. Pengine alikuwa anauliza. Pengine alikuwa anasamehe, ao analaani. Alinyoosha kidole kwake na kuendelea kutembea kuelekea pale ambapo mbao zilikuwa zinaingia chini ya maji.

"Mama, rudi," Félicité alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba wako jikoni.

Mzee hakurudi. Maji yalimfika vifundoni.

Félicité aliinuka. Antoine alimshika gauni mgongoni, kitambaa kikachanika na kubaki mkononi mwake. Na Félicité, kutoka upande wake, akapanda daraja kwenda kumpokea.